Msinisogeze

Mimi si mwongo. Uliza karakana nzima. Watakwambia nina mdomo mchafu, hasira ziko karibu na kichwa hakiambiliki, lakini uongo, watakwambia, huyo mzee hajui kuusema. Siku hiyo nilisema mmoja tu, tena wa neno moja, nikiwa nimesimama kwa soksi kwenye korido ya hospitali, nimevalishwa gauni la kijani linalofungwa kamba nyuma, mgongo wote uko nje. Mwanamume aliyevalishwa hivyo asiulizwe maswali ya maana.

Aliyeniuliza ni dada wa mashine, mwanamke wa makamo, mpole, miwani imemshuka puani, na karatasi yake ya maswali ameibana kwenye ubao. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani. Mapajani alikuwa amepakata suruali yangu, mkanda, saa, simu, funguo na pete ya ndoa, kila nilichovuliwa kwa kuwa kina chuma.

"Una kifaa chochote cha moyo?" aliuliza dada wa mashine.

"Hapana."

"Umewahi kufanyiwa upasuaji?"

"Hata jino sijang'olewa."

"Una risasi mwilini? Kipande cha bomu?"

"Dada, mimi nachomelea mageti na mabomba. Vita sijaenda."

Mke wangu akacheka. Dada wa mashine hakucheka. Aliacha kuandika, akasukuma miwani juu.

"Unachomelea chuma? Basi hili nijibu taratibu. Umewahi kuingiwa na chuma jichoni? Chembe yoyote, hata ndogo, hata iwe zamani?"

Sasa ngoja nikueleze kitu kuhusu macho yangu, maana bila hivyo utaniona mjinga zaidi ya nilivyo.

Sisi tuliojifunza kazi hii bila darasa tulifundishwa kuwa na jicho la kazi na jicho la nyumbani. Unapogusisha vyuma viwili ili vishikane, mkono mmoja umeshika chuma, wa pili umeshika koleo lenye rodi, wa tatu wa kushika kinyago huna. Kwa hiyo unafumba jicho moja kabisa, lingine unaliacha likodolee moto. Linalokodoa ndilo la kazi. Lililofumbwa ni la nyumbani, la kutazamia mke na watoto na taarifa ya habari. Langu la kazi lilikuwa la kulia. Kila jioni liliwaka kana kwamba limemwagiwa mchanga, mke wangu akaniwekea kitambaa cha maji baridi, asubuhi nikarudi kule kule. Nilikuwa na miaka arobaini na tano daktari wa macho aliponiambia kwamba ule moto una mwanga unaouona na mwanga usiouona, na kwamba yote miwili ilikuwa imeshaniunguza mpaka nyuma. Jicho la kulia lilikuwa limebaki la kujua kama taa imewashwa au imezimwa. "Hili limekwisha," aliniambia. "Hilo lililobaki litunze sana."

Nikalitunza. Nilinunua kinyago kizuri, cha kioo kinachojitia giza chenyewe. Yeyote aliyewasha moto karibu yangu bila kupaza sauti "macho!" nilimtukania ukoo.

Na bado likaingiwa na kitu. Miaka sita iliyopita napita zangu na kikombe cha chai, kinyago nimekipandisha juu, mwenzangu anasaga bomba kwa grinda. Nikahisi kitu, cha haraka, kama kope imechomoka. Karakana yetu ina mganga wake, fundi mmoja wa milango tunayemwita Bingwa. Ana kipande cha sumaku alichokichomoa kwenye spika iliyokufa. Anakukalisha juu ya ndoo, anakufunua kope kwa kidole gumba, anapitisha sumaku, halafu anakuonyesha chembe yako imesimama wima pale kwenye sumaku. Mimi peke yangu ameshanitolea labda ishirini. Hizo kwetu hatusemi mtu ameingiwa na chuma. Tunasema vumbi. Kuingiwa na chuma ni kule kunakokufikisha hospitali.

Siku ile Bingwa alipitisha sumaku mara tatu, hakupata kitu. "Imeshatoka na machozi," akasema. Jicho likauma wiki nzima, likaacha. Mimi kitu kisichouma nakihesabu hakipo.

Kwa hiyo dada wa mashine alipouliza, siku ile ilinijia mara moja. Sitakuficha. Ilinijia na chai yake na ndoo yake. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme ndiyo, naye, kwa wema wake, akaniharibia.

"Kama ndiyo si tatizo, mzee. Tutakupitisha kwanza chumba cha pili upigwe eksirei ya macho, tuone kama kuna kitu kimebaki. Dakika tano tu."

Angesema chumba cha pili kuna simba ningekwenda. Lakini eksirei! Mimi eksirei naijua kuliko yeye anavyodhani. Tukimaliza kuunga mabomba makubwa, wanakuja wakaguzi kupiga picha viungo vyetu, waone kama kuna tundu lililojificha ndani ya chuma. Wanakuja na kisanduku kidogo kinachobebwa na watu wawili kwa uzito wake. Wanatufukuza wote, wanazungusha kamba ya njano kwa mbali, wanapuliza filimbi. Mmoja anazungusha mpini wa waya mrefu, na akimaliza kuzungusha anakimbia. Anakimbia! Mtu mzima mwenye cheti na viatu vya kazi. Miale hiyo inapenya chuma cha unene wa vidole viwili na kutokea upande wa pili na nguvu zake. Halafu mama huyu ananiambia aipitishe kwenye jicho langu moja lililobaki, dakika tano, si tatizo.

"Na hii mashine yenyewe," nikamwuliza, "hii ninayoingia leo, nayo ni eksirei?"

"Hapana, hii haina miale ya namna hiyo. Ni sumaku na mawimbi ya redio tu. Ukoo mmoja na yale yanayokuletea taarifa ya habari."

Redio! Nikapumua. Redio inaimba karakana kutwa kucha na haijamuua mtu. Mawimbi yake yananipita kichwani tangu nizaliwe. Ya simu yananipita, ya rimoti ya mke wangu yananipita, hata ya ile maikrowevu ya binti yangu, ambayo mama yake akisikia inalia anatoka jikoni mbio. Na sumaku ndiyo hiyo ya Bingwa, nayo imeshanipita machoni mara ishirini. Nikaona njia nyeupe kabisa.

"Hapana," nikasema. "Chuma jichoni sijawahi."

Dada wa mashine akaandika, akageuka kwenda kufungua mlango mzito wa chumba. Mke wangu akaniinamia sikioni.

"Na ile siku ya Bingwa?"

"Ile ilikuwa vumbi. Wewe shika suruali."

Akanyamaza. Namjua huyu mwanamke, ananyamaza ili baadaye aseme vizuri zaidi.

Na usidhani nilikwenda kwa mchezo. Sikio la kushoto lilikuwa limeziba tangu mwaka jana, linapiga mluzi lenyewe, na siku moja kwenye ngazi dunia ilinizunguka nikabaki nimening'inia kwa mkono mmoja. Daktari akasema pengine kuna uvimbe mdogo kwenye mshipa wa sikio, na kwamba mashine ya sumaku ndiyo itakayoonyesha vizuri. Nilingoja miezi minne kuitwa. Hilo nalo lilikuwamo kwenye ile hapana yangu.

Chumba kilikuwa cheupe na baridi. Katikati ilikaa mashine yenyewe, duara kubwa lenye tundu, na ulimi wa kitanda umetoka nje yake. Dada akanilaza, akanitia vizibo masikioni, akaniwekea mito pande mbili za kichwa, halafu akanifunika uso na kizimba cha plastiki, akakibana kwa chini mpaka kikalia ka. Mkononi akanipa mpira mdogo.

"Ukishindwa, binya. Nitakuwa nyuma ya kioo. Usitikise kichwa."

"Umeshaiwasha?" nikauliza, maana nilisikia kitu kinapumua ndani ya ile mashine.

"Sumaku haiwashwi wala haizimwi, mzee. Iko hai saa zote, hata sasa tunapoongea."

Akabonyeza mahali, kitanda kikaanza kuniingiza. Miguu yangu ilibaki kwenye mwanga, kichwa kikatangulia. Uso wangu ulipofika mlangoni mwa tundu, kitu kikageuka ndani ya jicho la kushoto.

Hakikuniuma sana, na afadhali kingeniuma. Ni kitu kidogo kilichokuwa kimelala, mbali kule ndani ambako hata Bingwa hafiki, kikainuka, kikajinyoosha upande mmoja, kikatulia. Kitanda kikasimama. Juu yangu palikuwa na plastiki nyeupe vidole vinne kutoka puani. Mlango wa chumba ukafungwa, nikausikia ukibana.

Nilijua papo hapo. Hakuna haja ya kusomea. Nimeona mara nyingi Bingwa akicheza na vumbi la chuma mezani, vile chembe zinavyolala, sumaku ikisogea zinasimama zote na kugeukia upande mmoja. Sumaku ikitulia juu yake, nazo zinatulia. Ukiiondoa zinajipindua, nyingine zinakimbia. Chuma kinasumbuliwa na sumaku inayokuja na sumaku inayoondoka. Mimi nilikuwa nimeshaingia, sumaku imeshakuja. Kilichobaki ni kutoka, na kutoka kuna mlango mmoja, ule ule.

Nikajaribu kujidanganya. Nikajiambia ni kope, ni baridi, ni woga wa mzee. Nikajiambia nilale kimya dakika arobaini, picha ipigwe, mambo yaishe. Halafu nikauliza, yakiisha nitafanya nini? Nihamie humu? Nani ameshawahi kuishi kwenye tundu la mashine?

Ikaanza kugonga. Walikuwa wameniambia ina kelele, na kelele mimi ndiyo nyumba yangu, lakini ile haikuwa na mtu nyuma yake wa kumwambia apumzike. Iligonga kwa haraka, ikakoroma, ikagonga kwa taratibu, na kila ilipobadili mdundo nilihisi, au nilidhani nahisi, kile kitu kikitetemeka. Nikawa sipepesi. Nikakaza jicho mpaka likaanza kukauka. Nilitaka kujikuna pua, nilitaka kumeza mate, nilitaka kumpigia mtu kelele, na kila kimoja kilihitaji kichwa. Jasho likanitoka kwenye chumba chenye baridi ile. Nikaogopa, nasema wazi, niliogopa kuliko siku ile nilipoachwa nimening'inia kwenye ngazi.

Nikabinya mpira.

Kelele zikakatika. Sauti ya dada ikaja karibu na sikio.

"Vipi, mzee? Subiri, nakutoa sasa hivi."

"Weee! Msinisogeze! Ondoa mkono hapo!"

"Usijali, wengi huwa wanaogopa mle ndani..."

"Si woga! Nina chuma jichoni!"

Nilisikia pumzi yake kwenye spika.

"Ulisema hapana," akasema.

"Nilisema."

"Mzee, nilikuuliza taratibu kabisa."

"Uliniuliza vizuri na mimi nikakudanganya. Utanitukana baadaye, nitakaa nisikilize. Sasa hivi usiguse hicho kitanda."

"Jicho gani?"

"La kushoto. Kimegeuka nilipokuwa naingia."

"Na la kulia linaona?"

"La kulia halioni kitu. Lilikufa zamani."

Alisahau kuzima kipaza sauti. Nilimsikia akisema Mungu wangu, nikasikia kiti kikianguka, nikasikia akiongea na simu kwa haraka, akimtaka daktari wa macho, siyo baadaye, sasa hivi. Halafu spika ikazimwa, nikabaki na ile pumzi ya mashine.

Sijui ilikuwa muda gani. Pale ndani hakuna saa na yangu alikuwa nayo mke wangu. Niliijaribu akili yangu kila upande. Nikikaa, sitoki. Nikitoka, kinageuka. Nikilia, nitapepesa. Mkono ungeweza kufika kifuani, basi. Nilikuwa nimefungwa na kitu kisichoshikika wala kuonekana, ambacho hata nikikipiga teke hakina mahali pa kupigwa. Hasira zangu zote zilinijia na hazikuwa na kazi ya kufanya. Wakaguzi wa mabomba angalau wanakimbia.

Spika ikalia tena. Safari hii alikuwa mke wangu.

"Kumbe ni vumbi, eh?"

"Mama watoto, sikiliza..."

"Nisikilize nini? Miaka thelathini na mbili nakuwekea vitambaa usoni. Miaka thelathini na mbili nakwambia mfukuze huyo Bingwa na spika yake. Naulizia siku ya Bingwa, unaniambia shika suruali. Haya, nimeishika! Nimeishika mpaka sasa, niifanye nini?"

"Usinichekeshe," nikamwambia. "Nikicheka nitatikisika."

"Sikuchekeshi. Nimekasirika." Na sauti ikamkatika. "Wewe mwanamume, kwa nini hukusema? Dakika tano za eksirei tu!"

"Niliogopa itaniharibia jicho."

Nadhani aliziba mdomo kwa kanga au kwa ile suruali. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya chini, ile anayoongea nayo watoto wakiwa na homa.

"Niko hapa kwenye kioo. Naziona soksi zako. Ya kushoto ina tundu."

"Najua."

"Asubuhi nilikwambia ubadilishe."

"Najua."

Daktari wa macho akafika. Sikumwona, nilisikia tu sauti, kijana wa maneno mafupi. Aliniuliza kiliingia lini, kwa grinda au kwa nyundo, nimeona nini tangu kigeuke. Nikamwambia juu yangu kuna plastiki nyeupe na naiona yote. "Vizuri sana," akasema, na hilo vizuri lilinitia matumaini kiasi kwamba nikaona aibu.

"Hii sumaku haiwezi kuuawa?" nikamwuliza. "Kwa dharura?"

"Kuna kitufe. Nimempigia mhandisi wake. Anasema ikiuawa ghafla, gesi yake ya baridi inaweza kujaa humo chumbani ikakukosesha hewa. Kitufe hicho ni cha mtu anayepoteza uhai, mzee, si jicho."

"Mimi jicho ndilo nililobaki nalo."

"Naelewa. Nitakutoa kwa mkono, polepole, bila mota. Kichwa usigeuze. Jicho usiligeuze. Tafuta alama moja hapo juu uing'ang'anie."

"Na kikigeuka?"

"Kinaweza kukata mshipa. Kinaweza kisikate. Sitakudanganya."

"Na tukingoja?"

"Tukingoja, sumaku nayo inangoja."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wananisubiri mimi, kwamba hakuna mtu atakayenisogeza mpaka niseme. Maisha yangu yote nimependa kuwa ndiye anayesema. Nilitaka mtu mwingine aseme.

"Mama watoto," nikaita.

"Nipo."

"Unasemaje?"

"Toka," akasema. "Siwezi kukuacha humo. Toka hivyo hivyo utakavyotoka."

"Haya," nikamwambia daktari. "Vuta."

Nilipata alama, mkwaruzo mdogo wa kahawia kwenye plastiki, labda kucha ya mgonjwa mwingine. Nikaukazia macho. Nikasikia mlango unafunguliwa, nyayo, mikono ikishika kitanda karibu na magoti yangu. Kitanda kikasogea kiasi cha ukucha, kikasimama, kikasogea tena. Mkwaruzo ukaanza kunihama. Niliufuata kidogo kisha nikakumbuka nisigeuze jicho, nikauacha uende, nikatafuta mwingine, hakuna, plastiki yote ni safi. Nikatazama weupe mtupu. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu na kila hesabu niliipoteza.

"Unaendelea vizuri," alisema dada wa mashine. Alikuwa karibu na mguu wangu, na alikuwa ameshika kile kidole kilichotokeza kwenye soksi. Sijui kama alijua amekishika.

Mlangoni mwa tundu kikageuka. Kilirudi kule kilikotoka, na hakikurudi kwa njia ile ile. Nikahisi uzi wa moto, mwembamba, mara moja. Nimekata chuma maisha yangu yote, najua kitu kikikatika.

"Umesikia chochote?" daktari akauliza.

"Endeleeni kuvuta," nikasema.

Wakanifungua kizimba, wakanihamisha kwenye kitanda cha magurudumu, wakanitoa mpaka koridoni. Daktari akainua upande wa mgongo nikakaa wima kabisa. Alikuwa na macho ya kuchoka, na ndevu changa. Alimulika tochi jichoni, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Damu inavuja ndani," akasema. "Naenda kuandaa chumba cha upasuaji. Kaa wima hivi hivi, tazama mbele, jicho lisihame. Tutasafisha. Tutaona."

"Tutaona nini?"

Alinigusa bega, akaondoka mbio. Dada wa mashine akakimbia upande wa pili kutafuta wa kunisukuma. Kichwa na uvimbe wake na sikio lake, vilivyotuleta, hakuna aliyevitaja.

Mke wangu akaja akasimama mbele yangu, hatua mbili, kule nilikoambiwa nitazame. Suruali bado ameipakata. Nilimwona wote. Kwanza zikapita nyuzi nyekundu juu yake, zinaelea taratibu, kama wino ukidondoka kwenye maji. Halafu kwa juu kukaanza kushuka giza. Halikuwa na haraka. Lilichukua taa ya dari, likachukua sehemu ya juu ya ukuta, likafika kwenye kilemba chake.

"Unaniona?" akauliza.

"Nakuona. Inama kidogo."

Akainama. Uso ukarudi kwenye mwanga, macho yake mekundu, pua imevimba kwa kulia. Nikamtazama. Giza likashuka mpaka nyusi zake.

"Tena kidogo."

"Unataka kuninong'oneza?"

"Hapana. Wewe shuka tu."

Akachuchumaa. Pale nilimpata vizuri, na shavu lenye alama mbili za ndui, na midomo anayoibana akiwa hataki mtu ajue. Nilikuwa sijamtazama hivyo siku nyingi, miaka labda. Mtu unaishi naye, unamwona ukipita. Nilianzia paji la uso nikashuka polepole, na giza likashuka nyuma yangu.

"Shuka tena."

"Kuna nini, mume wangu?"

Akapiga magoti. Nikasikia funguo zikianguka sakafuni, na pete ikibingirika, hakuna aliyeifuata. Akaketi chini kabisa, miguu ameikunja, uso ameuinua kwangu, na bado nilikuwa namwona, mdomo wote, na kidevu, na shingo inayomeza mate.

"Shuka tena kidogo, mama watoto."

"Nimeshafika sakafuni," akasema.